UZI: Bodi ya Barabara ya Mkoa wa Mbeya. Jiji lipeleke hoja ipi kwanza: mchepuo wa Uyole–Songwe (barabara ya kupitisha magari nje ya jiji), barabara za mazao, au mitaro ya njia nne?

#1 Karani wa Vikao

Wakuu, salaam.

Bajeti ikikaribia, barabara ndiyo hoja inayokula muda mwingi kuliko zote kwenye baraza la madiwani, na mara nyingi hufa mapema kwa kuwa imepelekwa mlango usio wake. Naomba tuipange vizuri hoja ya Jiji la Mbeya humu, kwa vipimo, kabla haijafika Bodi ya Barabara ya Mkoa.

Tuanze na mwenye mali. Kwa Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007, barabara kuu na barabara za mkoa ni za kitaifa, na msimamizi wake ni TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara za wilaya na mitaa ya mjini ziko TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanza kazi Julai 2017. Kwa hiyo baraza la madiwani haliamui barabara kuu ipi ijengwe. Linapendekeza, na pendekezo linapita kwenye Bodi ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa na katibu wake ni Meneja wa TANROADS wa mkoa. Wabunge, wakuu wa wilaya, meya na wenyeviti wa halmashauri ni wajumbe.

Halafu fedha. Mfuko wa Barabara umefungwa na sheria: si chini ya asilimia 90 ni ya matengenezo na dharura, na ya maendeleo haizidi asilimia 10. Mgawo uliozoeleka ni asilimia 70 kwa barabara za kitaifa na 30 kwa za wilaya. Mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya TARURA. Mchepuo hauwezi kujengwa kwa fedha hizo. Lami mpya ya barabara kuu inatoka kwenye bajeti ya maendeleo ya Wizara ya Ujenzi au mkopo wa nje. Diwani anayeomba fedha za kuchonga barabara zihamishiwe kwenye mchepuo ameomba kitu ambacho sheria imekifunga, na Katibu wa Bodi atamjibu kwa sentensi moja.

Mezani kuna mambo matatu:

– mchepuo wa Uyole–Songwe, kilomita 48.9;
– upanuzi wa barabara kuu kuwa njia nne, Nsalaga–Ifisi, kilomita 29, hasa mitaro na makutano yake;
– barabara za mkoa zinazoleta mazao mjini: Isyonje–Kikondo–Makete na Mbalizi–Shigamba–Isongole.

Ipi itangulie, na kwa takwimu gani?

#2 Mpima Njia

Mkuu, mchepuo una wafuasi wengi kuliko takwimu. Kabla baraza halijaandika neno "foleni" kwenye muhtasari, lijue foleni hiyo ni ya nani.

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inapita katikati ya jiji: Uyole, Mwanjelwa, Mafiati, Iyunga, kisha Mbalizi. Juu yake kuna magari ya aina mbili. Malori ya masafa marefu yanayokwenda Zambia na Congo hayana shughuli yoyote mjini. Bajaji, daladala, bodaboda na magari madogo yana safari za kilomita tatu hadi nane. Mchepuo utaondoa aina ya kwanza tu. Kama foleni ya Mwanjelwa inatokana na bajaji kusimama njiani na makutano yasiyo na taa, utajenga kilomita 48.9 na foleni utaikuta palepale.

Hesabu ifanyike hivi:

Weka vituo vitatu. Kimoja mashariki ya Uyole, kimoja Mwanjelwa, kimoja Mbalizi. Hesabu siku saba mfululizo, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, na angalau siku mbili zihesabiwe saa 24 kamili, moja ya katikati ya wiki na moja ya mwisho wa wiki. Anayehesabu mchana tu hapati picha ya malori, kwa kuwa mengi yanatembea usiku. Tenganisha aina za magari: usipochambua, bajaji moja na lori la ekseli saba vyote vinasomeka "gari 1".

Pili, andika namba za malori pamoja na saa Uyole na tena Songwe. Lori lililoonekana pande zote mbili ndani ya muda wa safari, tuseme chini ya saa mbili, ni la kupita. Lililokaa zaidi lilikuwa na shughuli mjini. Uwiano huo ndio unaobeba hoja yote ya mchepuo, na kuupata kunahitaji vijana wachache wenye madaftari na saa zinazolingana.

Kosa linalorudiwa ni la Uyole. Malori ya Malawi yanakata pale kwenda Tukuyu na Kasumulu. Hayafiki Mwanjelwa kabisa. Ukihesabu mashariki ya Uyole na kudai malori yote hayo yangetumia mchepuo, Mhandisi wa Mkoa atayatoa ya Malawi na hoja yako itapungua mbele ya wajumbe. Yatoe mwenyewe.

#3 Mama Shehena

Nakubaliana na Mpima Njia kuhusu kuhesabu, ila naona barabara za mazao zimewekwa mwisho kwenye orodha kana kwamba ni jambo la Rungwe na Makete peke yao. Viazi vya Isyonje na Umalila vinauzwa na kupakiwa mjini. Barabara ikikatika, bei sokoni inapanda na ushuru wa halmashauri unashuka.

Isyonje–Kikondo–Makete ni kama kilomita 96. Kuomba lami ya kilomita zote kwa mkupuo ni kuomba foleni ya miaka. Kuna njia ya kati: matengenezo ya sehemu korofi, ambayo Mfuko wa Barabara unaruhusu kwa kuwa ni matengenezo.

Hesabu ya changarawe kwa kilomita moja ni hii. Upana mita 6, unene milimita 150 baada ya kushindilia, ni mita za ujazo 900. Kifusi kikiwa kimelegea zidisha kwa 1.3, unapata 1,170. Tipa la mita za ujazo 10 litakwenda safari 117 kwa kilomita moja. Chimbo likiwa mbali, mafuta ya tipa yanakula fedha kuliko kifusi chenyewe, kwa hiyo anayeomba changarawe aonyeshe chimbo liko wapi na kwa umbali gani.

Sasa hasara. Kwenye nyanda zenye mvua kama zile, barabara ya changarawe yenye magari mengi hupoteza milimita 20 hadi 30 kwa mwaka. Ukianza na 150, baada ya miaka minne hivi umebakiwa na kama 50, na magurudumu yanagusa udongo wa chini. Penye mteremko wa zaidi ya asilimia 8 haifiki hata huko, mvua za msimu mmoja zinaibeba. Kwa hiyo usimwage changarawe kwenye mteremko mkali. Pale weka zege au lami nyepesi kwa mita 200, mita 500, kadiri mteremko ulivyo, na changarawe ibaki kwenye tambarare. Orodha ya miteremko kumi yenye urefu na asilimia ya mwinuko wa kila mmoja inajadilika kwenye kikao kimoja.

Na lumbesa isisahaulike. Gunia linaandikwa kilo 100 lakini limefungwa kofia juu. Fuso linaloonekana limebeba tani 7 kwa idadi ya magunia linaweza kuwa na 9 au zaidi. Barabara iliyosanifiwa kwa hesabu ya magunia itakufa mapema.

#4 Mpima Njia

Dada, hapo kwenye uzito naomba niongeze namba, kwa kuwa wajumbe wengi hudhani uzito ukizidi kidogo basi na uharibifu unazidi kidogo.

Uharibifu wa lami hupanda takriban kwa uzito wa ekseli uliozidishwa wenyewe mara nne. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Machi 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na jumla ya tani 56 kwa gari kubwa kabisa. Ekseli ikibeba tani 12, uharibifu ni 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2, yaani zaidi ya mara mbili. Ikibeba 13, ni karibu mara tatu. Barabara ya mkoa isiyo na mizani ya kudumu, iliyosanifiwa miaka 15, inakuwa ya miaka saba au mitano.

Anayeomba lami Isyonje aombe pia mizani ya kuhamahama kwa miezi ya mavuno. Iandikwe ndani ya hoja ileile.

#5 Fundi Mitaro

Wakuu, mmeruka jambo ambalo Jiji lina haki nalo kuliko yote: maji ya njia nne.

Chukua kilomita moja ya barabara pana mita 20 ikijumlishwa mabega yake. Mvua ya milimita 50 kwa saa ikinyesha, juu ya kipande hicho yanashuka maji mita za ujazo 1,000 ndani ya saa hiyo. Toa kidogo kinachopotea, bado ni 900, yaani lita 250 kila sekunde. Kabla ya upanuzi, sehemu ya maji hayo ilikuwa inanywewa na udongo wa pembeni. Sasa yote yanakimbilia mtaroni.

Mtaro wa zege wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 50, kwenye mteremko wa asilimia 1, ukiwa safi hupitisha kama lita 650 kwa sekunde. Hapo kilomita mbili na nusu za barabara zinahudumiwa. Ukijaa mchanga hadi nusu, unabaki na kama lita 260. Kilomita moja tu inaujaza. Na udongo wetu una majivu ya volkano, mwepesi, unachukulika na maji kuliko udongo mwekundu wa kawaida, kwa hiyo mitaro ya Mbeya hujaa haraka.

Tatizo lenyewe liko mpakani. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, mita 30 kila upande kutoka katikati. Mtaro wa TANROADS unaishia kwenye ukingo wa hifadhi. Kuanzia hapo maji ni ya TARURA, ambayo mtaa unaoyapokea una kalavati la milimita 600 lililowekwa kwa maji ya nyumba ishirini. Mvua ya kwanza ya Machi inakata mtaa, na kila taasisi inaonyesha mpaka wake kwenye ramani.

Kwa hiyo Jiji lidai mambo haya kabla kazi ya mitaro haijafungwa:

Ramani ya kila tundu la kutolea maji, ikionyesha maji yanakwenda hadi mto gani. Wasikubali ramani inayoishia kwenye hifadhi.

Mtaro wa kupokea ujengwe na mradi mpaka kwenye bonde la asili, hata kama ni mita 300 nje ya hifadhi. Kinachohitajika ni makubaliano ya maandishi kati ya TANROADS, TARURA na Jiji, na kiasi kiingizwe kwenye mkataba mapema. Kikiletwa baadaye kama kazi ya nyongeza, kinasubiri idhini hadi masika yanafika.

Makalavati ya kupokea yasiwe chini ya milimita 900. La 600 likiziba, mtu hawezi kuingia na koleo. La 900 anaingia.

Mwishoni mwa kila kalavati pawekwe sakafu ya mawe yaliyojengewa. Makalavati mengi huanguka kwa kuchimbwa na maji upande wa kutokea huku bomba lenyewe likiwa zima.

Kwa fedha, hii ni sehemu ndogo ya mradi. Kwa madhara, ndiyo kubwa kwa wakazi.

#6 Mzawa wa Iyunga

Vipi hoja ya kupandisha hadhi? Kila kikao kuna diwani anataka barabara ya kata yake iwe ya mkoa ili TANROADS waichukue.

#7 Karani wa Vikao

Ndugu, hilo lina vigezo vyake. Barabara ya mkoa ni ile inayounganisha makao makuu ya mkoa na ya wilaya, au barabara kuu na makao makuu hayo. Barabara inayoanza sokoni na kuishia shuleni haiingii, hata iwe na magari mengi kiasi gani. Ombi hupita Bodi ya Barabara ya Mkoa, kisha hufika kwa Waziri mwenye dhamana kupitia kamati ya kitaifa ya uainishaji wa barabara.

Na lina gharama ambayo haisemwi. Ikipanda hadhi, hifadhi inakuwa mita 60. Nyumba zilizokuwa nje ya hifadhi zinaingia ndani. Diwani awaeleze wananchi wake hilo kabla hajapiga kura, maana alama za X zitakapochorwa watakwenda kwake.

#8 Mpimaji Viwanja

Nirudi kwenye mchepuo. Mnajadili fedha ambazo Jiji halina, na mnaacha mamlaka ambayo Jiji linayo: ardhi na vibali vya ujenzi.

Kilomita 48.9 kwa mita 60 ni hekta 293. Sehemu iko Jiji, sehemu iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Kila mwaka njia inayopendekezwa inavyobaki mchoro tu, watu wanagawa viwanja juu yake, na fidia inapanda kuliko bei ya lami. Anayetaka mchepuo baada ya miaka kumi aulinde ukanda sasa.

Hatua zake: kuomba rasmi namba za ramani (majiranukta) za mstari wa katikati kutoka kwenye usanifu, kuziingiza kwenye michoro ya mipangomiji ya kata husika, kuzuia upimaji mpya ndani ya ukanda, kufanya hivyohivyo kwa wakati mmoja na Halmashauri ya Wilaya, la sivyo ujenzi utahamia upande wa pili wa mpaka.

Lakini tahadhari kubwa: mwenye kiwanja halali bado ana haki yake mpaka alipwe. Kumzuia asijenge kwa miaka bila tathmini wala malipo ni kumdhulumu, na mahakamani Jiji litashindwa. Tathmini nayo isifanywe mapema kwa ajili ya kuonyesha kazi. Kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, tathmini ya fidia isiyolipwa ndani ya miaka miwili inakufa na kuanza upya, na malipo yakipita miezi sita riba inaanza kuhesabiwa. Tathmini ifuate fedha iliyothibitishwa.

#9 Mzawa wa Iyunga

Mimi bado nasema mchepuo ni suala la maisha ya watu. Lori lililofeli breki likishuka Iwambi halichagui. Huwezi kumwambia mtu asubiri hesabu ya magari.

#10 Mpima Njia

Mkuu, uzito wa hoja yako naukubali. Ila mchepuo hata ukipata fedha leo utachukua miaka kukamilika, na miteremko ya Iwambi, Mlima Nyoka na Inyala ipo sasa. Kuna kitu kinachojengwa kwa muda mfupi zaidi: njia za kuokolea magari yaliyofeli breki.

Ni njia inayochepuka kutoka kwenye mteremko, ikiwezekana ikielekea juu, yenye kitanda cha kokoto za mviringo zinazolingana ukubwa. Kokoto za mviringo hazishikani, gurudumu linazama na lori linasimama lenyewe. Kina kianze milimita 75 mlangoni na kufika mita 1 ndani ya mita 30 za kwanza au zaidi kidogo, ili lori lisijikwae ghafla na kupinduka. Kokoto zilizopondwa zenye kona hazifai: zinashikana na kuwa ngumu kama barabara. Chini yake lazima pawe na mfereji wa kutoa maji. Udongo ukiingia humo, kitanda kinaganda, ndiyo maana lazima kivurugwe kwa mashine kila mwaka na baada ya kila gari kuingia. Pembeni pawe na njia nyembamba ya gari la kuvuta, la sivyo lori la kwanza likikwama, la pili halina pa kwenda.

Mahali pa kuiweka si juu kabisa mwa mteremko. Breki huwa bado nzima pale. Iwe theluthi ya mwisho, kabla ya kona au makazi, na vibao vya kuitangaza vianze kilomita moja na nusu juu yake. Juu kabisa weka eneo la lazima la malori kusimama, kukagua breki na kuweka gia ndogo kabla ya kushuka.

#11 Karani wa Vikao

Basi kwa yaliyoletwa humu, naona hoja isipelekwe kama orodha ya barabara kumi na mbili. Iwe na sehemu nne, kila moja ikienda kwenye mfuko wake:

Kwanza, maji ya njia nne: ramani za matundu na makubaliano ya taasisi tatu. Hili halisubiri bajeti mpya, linaingia kwenye mradi uliopo.

Pili, njia za kuokolea malori kwenye miteremko, kama kazi ya usalama kwenye barabara kuu, kupitia TANROADS.

Tatu, sehemu korofi za Isyonje na Mbalizi–Shigamba, kwa fedha za matengenezo, zikiambatana na jedwali la miteremko na mizani ya msimu. Hapa Jiji liungane na halmashauri jirani. Hoja iliyosainiwa na halmashauri tatu inasomwa tofauti.

Nne, mchepuo: Jiji lilete hesabu ya magari na ulinzi wa ukanda, na liiombe Bodi iusukume kwenye bajeti ya maendeleo.

Kwa ratiba, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na Bunge huanza kujadili bajeti Aprili. Hoja ikifika Bodi mwezi Machi imechelewa. Kamati ya Mipangomiji iwe imeipitisha ifikapo Oktoba, baraza Novemba.

#12 Mama Shehena

Ratiba hiyo ina shimo moja, mkuu. Hoja ikipita Oktoba, magari yatakuwa yamehesabiwa Agosti au Septemba, kiangazi. Hapo mtakosa magari yanayokwama wakati wa masika, na wataalamu watasema barabara inapitika. Hesabu mara mbili: kiangazi, na tena Machi au Aprili ya mwaka unaotangulia. Wakati wa masika msihesabu magari peke yake. Andikeni pia idadi ya siku ambazo Fuso halikuweza kupita, tarehe kwa tarehe, sehemu kwa sehemu, na picha yenye majiranukta. Watendaji wa vijiji vya Isyonje na Umalila wanaweza kujaza daftari hilo kila siku, na kazi ianze masika haya yanayokuja.